Maswali yenu kuhusu sinema ya Lumumba

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu Lumumba, ile sinema ya mwaka 2000 ya Raoul Peck, nikasema kama hujaiona itafute. Sikutegemea barua nyingi hivi, nyingine kurasa tatu mbele na nyuma. Nimechagua saba, nimezifupisha kidogo, na safari hii sitajibu kitu kingine chochote, wale wa tamthilia mnisamehe mtasubiri.

Kwa ambao hawajaiona: inaeleza maisha ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, tangu alivyokuwa anapanda kwenye siasa mpaka uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, halafu miezi ile michache iliyofuata mpaka alipouawa Katanga, jimbo la kusini lililokuwa limejitenga, usiku wa 17 Januari 1961. Muda wake ni kama saa mbili hivi.

*Shikamoo dada. Nimeiangalia na wanangu wawili, mmoja yuko form two mwingine form four. Dakika za mwanzo tu, usiku, Wazungu wawili wanafukua maiti wanaanza kuzikata, mdogo akanyanyuka akatoka sebuleni na hakurudi tena. Kwa kweli nilikasirika. Hivi ilikuwa lazima waanze na hilo? Na ni kweli au ni mambo ya sinema tu?* — Baba wa wawili, Kigoma

Marahaba baba, na pole kwa kijana, mwambie hata mimi nilisimamisha pale mara ya kwanza nikaenda kunywa maji.

Ni kweli. Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo aliyekuwa waziri wa vijana na michezo na Joseph Okito aliyekuwa makamu wa rais wa seneti, walipigwa risasi usiku uleule walioshushwa kwenye ndege Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Waliofyatua ni askari, lakini pale porini walikuwepo maofisa wa Kibelgiji na mawaziri wa Katanga wenyewe akiwemo kiongozi wao, Moïse Tshombe. Wakafukiwa harakaharaka, halafu waliohusika wakaanza kuogopa kwamba watu watagundua mahali. Ndipo akatumwa Gerard Soete, Mbelgiji aliyekuwa kwenye polisi ya Katanga, yeye na ndugu yake, wakaifukua miili wakaikata vipande na kuiyeyusha kwa asidi, asidi ya salfa, jamii ileile ya maji tunayotia kwenye betri ya gari, na iliyobaki wakaichoma. Soete mwenyewe alikuja kuyasema haya hadharani akiwa mzee, miaka karibu 40 baadaye, na akakiri kwamba aliondoka na meno.

Sasa kwa nini Peck aanze na hapo. Angeweza kabisa kuanza na bendera na ngoma na watu wamepanda kwenye miti, sinema nyingi za uhuru zinaanza hivyo. Lakini mimi naona amefanya jambo la mtu aliyefiwa. Kwetu mtu akifa kitu cha kwanza unauliza mwili uko wapi, hujauliza kafaje wala kaacha nini, unauliza mwili uko wapi, maana bila mwili hakuna kuosha, hakuna sanda, hakuna pa kutupia udongo. Na wale watu walilijua hilo vizuri kabisa. Tarehe 13 Februari 1961 waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, alitangaza kwamba Lumumba na wenzake walitoroka wakauawa na wanakijiji, na akasema kaburi halitatajwa watu wasije wakapageuza mahali pa kuhiji. Yaani uongo juu ya kifo halafu na kaburi wanalikatalia. Siku iliyofuata mkewe, Pauline Opango, alitembea kwa miguu katika mitaa ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kifua wazi, nywele zimenyolewa, kama mjane anavyoomboleza kwao, na waombolezaji nyuma yake, akaenda kwa watu wa Umoja wa Mataifa kuomba apewe mwili wa mume wake. Picha zake zipo, zilizunguka dunia nzima. Hakupewa, hakukuwa na mwili wa kupewa.

Kwa hiyo baba, hiyo dakika ya kwanza iliyomtoa kijana sebuleni ndiyo jibu ambalo Pauline hakupewa. Mimi nisingeiondoa. Ila kijana wa form two ana haki ya kuiruka, mwache aanzie mbele kidogo, hatapotea.

*Dada habari. Nauliza ile hotuba ya siku ya uhuru mbele ya mfalme wa Ubelgiji, alisema vile kweli ama waliongezea chumvi? Na kuna rafiki yangu anasema hiyo hotuba ndiyo ilimuua, angenyamaza tu siku moja angeishi. Tumebishana hadi usiku.* — Msomaji, Mombasa

Alisema. Na kwenye ratiba hakuwepo kabisa, wa kusema walikuwa mfalme Baudouin na rais Kasa-Vubu basi. Mfalme akasimama akamsifia Leopold wa Pili, yule ambaye wakati wake watu wa Kongo walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa miti ya mpira, akamsifia kama mtu aliyewaletea ustaarabu, halafu akawapa Wakongo ushauri wasiharakishe mabadiliko. Kasa-Vubu akajibu kwa upole. Lumumba muda wote huo alikuwa ameinama, karatasi ziko mapajani, anaandika, anafuta, anaongeza. Halafu akanyanyuka.

Kuna kipande kimoja cha hotuba ile ambacho watu wanakipita mbio kwa sababu kimejificha ndani ya lugha ya Kifaransa. Kifaransa kina "wewe" mbili, moja ya mtoto au rafiki au mtu unayemdharau, nyingine ya heshima. Lumumba akakumbusha kwamba mtu mweusi aliitwa kwa ile ya kwanza, na si kwa urafiki, ila kwa sababu ile ya heshima walitunziwa Wazungu peke yao. Hebu fikiria mzee wa miaka 60, babu wa watu, anaitwa na kijana wa Kibelgiji wa miaka 20 kama unavyomwita mtoto aliyemwaga maziwa. Angeweza kutaja migodi, na kazi za shuruti akazitaja, viboko pia akavitaja, asubuhi mchana na jioni, lakini hicho kineno kidogo kila aliyekuwepo mle ndani alikielewa mara moja, mweusi kwa mweupe, na wale waliokuwa wanasikiliza redioni nje nao wakakielewa.

Mfalme nusura aondoke. Chakula kilichelewa, watu wakasuluhisha, na mchana Lumumba akatoa maneno laini kidogo ya kumshukuru.

Mwambie rafiki yako mimi sikubaliani naye. Hotuba iliwaudhi, sawa, lakini tazama kilichotokea siku tano tu baadaye. Jeshi lile, Force Publique, lilikuwa na askari kama 25,000 na hakukuwa na ofisa hata mmoja Mkongo, hata mmoja, uhuru umepatikana na bado anayetoa amri ni Mbelgiji. Jenerali Janssens akawakusanya akaandika kwa chaki ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Askari wakaasi. Ubelgiji ikaleta wanajeshi bila kuitwa, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza Katanga imejitenga, Katanga yenye shaba, yenye kobalti, yenye migodi ya Union Minière ambayo ndiyo ilikuwa inaingiza sehemu kubwa ya pesa za nchi. Nchi haijafika wiki mbili. Hayo hayakuletwa na hotuba. Angesema asante bwana mkubwa akakaa, shaba bado ingekuwa palepale ardhini na wanaoitaka bado wangekuwa wanaitaka.

*Dada mambo. Mimi napita Mtaa wa Lumumba karibu kila siku, nafanya kazi Kariakoo. Sijawahi kujiuliza ni nani mpaka nilipoiona hii muvi. Mtu mmoja ofisini ananiambia alikuwa mkomunisti ndiyo maana Wamarekani walimuondoa. Ni hivyo?* — Kijana wa Kariakoo, Dar es Salaam

Poa mdogo wangu. Nimefurahi sana hii barua, maana mtaa huo si mtaa wa hivihivi, ndipo TANU ilipozaliwa mwaka 1954, wakati huo unaitwa New Street. Na ukienda Zanzibar utakuta shule ya sekondari ya Lumumba.

Mkomunisti hapana. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, ndiyo Kisangani, akafungwa kwa kosa la pesa za posta mwaka 1956, alipotoka akaenda Léopoldville akawa anauza bia. Kuuza bia! Ile kazi ndiyo iliyomzungusha baa zote za mji ule akajulikana na kila mtu, na hapo ndipo alipojifunza kusimama mbele ya watu. Oktoba 1958 wakaunda chama cha MNC, Desemba akaenda Accra kwenye mkutano wa Waafrika ulioitishwa na Nkrumah, akarudi mtu mwingine. Alichotaka yeye ni Kongo moja, isigawanywe kwa kabila wala kwa jimbo.

Katanga ilipojitenga, wa kwanza kuombwa msaada walikuwa Umoja wa Mataifa, na mwezi huohuo wa Julai alisafiri mwenyewe mpaka New York na Washington. Rais Eisenhower hakumwona. Askari wa Umoja wa Mataifa wakaja lakini hawakutaka kuirudisha Katanga, basi ndipo akapokea ndege na malori kutoka kwa Wasovieti, na hapo jina la mkomunisti likamganda. Uchunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani wenyewe mwaka 1975 ulionyesha kwamba CIA walipeleka sumu Kongo ya kumuua. Haikutumika, wengine waliwahi. Lakini ilipelekwa, hilo liko kwenye maandishi yao wenyewe, kwa hiyo mtu wa ofisini kwako kwenye kutaka kumuondoa hajakosea, amekosea kwenye sababu tu.

*Jambo yaya. Mie niko Lubumbashi. Hii filme tuliangalia na batoto ku nyumba. Iko muzuri, sikatae. Lakini yaya, batu bote banasema Kifaransa, ata basoda, ata benye kubeba mizigo. Siye huku tunasema Kiswahili, baba yangu alitumikaka ku mine, Kiswahili njo luga ya kazi. Na ingine, mu ile filme batu ya Katanga banaonekana babaya bote. Juu ya nini?* — Musomaji wa Lubumbashi

Barua hii nimeiacha ilivyo, Kiswahili cha Lubumbashi ni Kiswahili na nilitaka wasomaji wa huku wakisikie (yaya kwao ni dada au kaka mkubwa, basoda ni askari).

Yaya, malalamiko yako yote mawili ni ya haki. La lugha: pesa ya sinema ile ilitoka Ulaya kwa sehemu kubwa, waigizaji wakubwa walitoka Paris, Eriq Ebouaney anayemuigiza Lumumba ni Mfaransa wa asili ya Kameruni, na Kongo kwenyewe hawakuweza kupiga picha kwa sababu vita ilikuwa imewaka, wakaenda kuipiga Zimbabwe na Beira kule Msumbiji. Peck mwenyewe ni Mhaiti, ila alikulia Léopoldville, wazazi wake walikuwa kati ya Wahaiti wenye elimu waliokwenda kufanya kazi Kongo miaka ile baada ya uhuru, kwa hiyo Kongo anaijua na anaipenda, lakini aliyoijua ni ile ya mji mkuu, ya Kifaransa na Kilingala. Kiswahili cha kambi za migodi hakimo. Na ni hasara kubwa, kwa sababu Lumumba alikisema Kiswahili, miaka yake ya Stanleyville ni miaka ya Kiswahili, na askari waliomlinda usiku ule Katanga bila shaka kati yao maneno yalikuwa Kiswahili. Mimi kila nikifika sehemu ile nasikia pengo.

La pili, la watu wa Katanga. Hapa sinema imekata kona. Katanga nzima haikuwa nyuma ya Tshombe. Kaskazini kulikuwa na Balubakat, chama cha Jason Sendwe, waliukataa utengano na wakapigana nao, vijiji vikachomwa. Ukiangalia sinema peke yake utadhani Katanga ni nyumba moja ya mawaziri waliolewa whisky na Wabelgiji wao.

Lakini nikwambie kitu yaya, nadhani unakijua kuliko mimi. Lumumba wa Kiswahili yupo, yuko kwenye picha za rangi. Miaka ya 70 mchoraji wa kwenu Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha 100 na zaidi, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili cha huko kwa mtafiti aliyekuwa ananunua. Kuna picha ya watatu wale wamelala chini, Lumumba damu inamtoka ubavuni, nyuma kwa mbali misalaba mitatu juu ya kilima. Watu wa kawaida walikuwa wananunua michoro ya namna hiyo wanatundika sebuleni. Watu walionyimwa kaburi wakatundika kaburi ukutani. Kama kwenu au kwa jirani bado ipo moja, naomba usiache waiuze kwa watalii.

*Swali fupi tu. Mobutu na Lumumba walikuwa marafiki kweli?* — Msomaji, Bujumbura

Walikuwa, na ndiyo inayouma. Mobutu alikuwa mwandishi wa habari aliyewahi kuwa jeshini, akaingia MNC, Lumumba akamwamini akampa kazi karibu yake na jeshi lilipoasi akamfanya kanali na mnadhimu mkuu wa jeshi. Tarehe 14 Septemba kanali huyohuyo akampindua. Angalia sana Alex Descas anavyomuigiza, hapigi kelele, anapungua tu maneno kadiri sinema inavyokwenda. Na 1966 Mobutu akiwa rais akamtangaza Lumumba shujaa wa taifa. Peck ameiweka sherehe hiyo, watu wamesimama kimya, na wewe unayeangalia unajua mwili uko wapi.

*Dada pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, nafundisha kidato cha tatu, tunayo projekta ya shule na umeme ukiwepo nataka niwaonyeshe. Wasiwasi wangu ni lugha, ukatili na muda. Vipindi ni dakika 40. Unanishauri nini?* — Mwalimu, Songea

Mwalimu wangu, usiionyeshe yote. Lipo toleo lenye sauti za Kiingereza, hilo ndilo utafute kwa darasa lako, la Kifaransa lenye maandishi chini watoto wa nyuma hawatasoma.

Mimi ningefanya vipindi viwili. Kabla ya kuwasha chochote chora ramani ya Kongo ubaoni, weka Léopoldville huku magharibi, Stanleyville juu, Élisabethville chini karibu na Zambia ya leo, waone ukubwa wake na waone Katanga ilivyo mbali na mji mkuu. Andika majina manne tu: Lumumba, Kasa-Vubu, Tshombe, Mobutu. Sinema haisubiri mtu, majina yanapita mbio, hata mtu mzima anachanganyikiwa Kasa-Vubu ni nani (ni rais, wa chama cha ABAKO, watu wa Bakongo, na ndiye aliyemfuta kazi Lumumba redioni tarehe 5 Septemba, Lumumba naye akaenda redioni kumfuta yeye).

Kipindi cha kwanza kiwe Brussels. Januari 1960 Wabelgiji waliitisha mkutano wa kupanga uhuru na Lumumba yuko gerezani, wajumbe wenzake wakagoma kuendelea bila yeye, ikabidi atolewe. Kuna picha halisi ya siku aliyoshuka pale, amevaa suti, anainua mikono na vifundo vina bandeji kwa sababu ya pingu. Wanafunzi waulize, mtu ametoka jela jana leo anakaa meza moja na waliomfunga kupanga tarehe ya uhuru, tarehe ambayo ilikuwa miezi mitano tu mbele, wao wangeuliza nini kwanza? Waache wabishane. Wape na hili, kwamba nchi ile kubwa ilikuwa na Wakongo waliomaliza chuo kikuu wasiofika 30. Kipindi cha pili hotuba na jeshi, simamisha pale Katanga inapojitenga.

Mwanzo na mwisho usiwaonyeshe, wasimulie tu kwa mdomo wako. Unawajua, utajua uishie wapi.

*Dada yangu, mimi si mtu wa sinema sana, mwanangu ndiye aliyeniwekea. Mjomba wetu alikwenda na meli iliyozama ziwani na hakupatikana mpaka leo. Tulikaa matanga bila mwili, bibi akaweka shati lake kwenye mkeka tukalilia hilo. Sasa mwanangu anasema Lumumba lilirudishwa jino moja wakalizika. Nilitaka kujua tu walizikaje jino. Na familia iliridhika?* — Mama, Mwanza

Mama, pole sana. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na ile ya shati kwenye mkeka sijaacha kuifikiria.

Jino lilikuwa kwa Soete. Yeye alikufa mwaka 2000, mwaka uleule sinema ilipotoka, na jino likabaki kwenye familia yake mpaka mwaka 2016 vyombo vya sheria vya Ubelgiji vilipokwenda nyumbani kwa binti yake vikalichukua. Miaka minne baadaye Juliana, binti wa Lumumba, akamwandikia mfalme wa Ubelgiji barua ya kuomba warudishiwe masalia ya baba yao. Alikuwa mtoto mdogo alipopelekwa Misri kwa siri pamoja na kaka zake baba yao alipopinduliwa, wakalelewa kule kwa rais Nasser. Tarehe 20 Juni 2022, Brussels, familia ikakabidhiwa kisanduku kidogo cha buluu, cha kushikika mkononi, na waziri mkuu wa Ubelgiji akaomba radhi.

Walizikaje? Kile kisanduku wakakiweka ndani ya jeneza, jeneza kamili mama, la mtu mzima, wakalifunika bendera ya Kongo. Halafu hawakulipeleka moja kwa moja kaburini. Walilipeleka kwanza Sankuru, Onalua, alikozaliwa mwaka 1925, wazee wa Batetela, kabila lake, wakampokea mtoto wao. Wakaenda Kisangani. Wakaenda Lubumbashi mpaka Shilatembo, palepale porini alipopigwa risasi. Ndiyo wakarudi Kinshasa wakamzika tarehe 30 Juni 2022, siku ileile ya uhuru, miaka 62 kamili. Yaani walimtembeza nchi nzima kama mtu anayeaga, na watu walijaa barabarani wakimlilia kama aliyekufa jana. Ulichofanya bibi yenu na shati ndicho walichofanya na jino.

Kuhusu kuridhika, siwezi kuwasemea watoto wake. Ila Pauline hakuliona. Alifariki Kinshasa Desemba 2014, hakuolewa tena, aliishi miaka 53 bila kujua aweke maua wapi. Kwenye sinema kuna sehemu ya mto Sankuru, Lumumba anatoroka kwenda Stanleyville, ameshavuka, na mkewe na mtoto wao mdogo Roland wamebaki ng'ambo, askari wanafika. Akarudi. Nikiiangalia sasa siangalii askari wala mtumbwi, namwangalia Pauline pale ukingoni na mtoto mgongoni.

Na kuna wengine wawili mama ambao hakuna kisanduku chao. Usiku ule Okito ndiye aliyepigwa kwanza, akafuata Mpolo, Lumumba akawa wa mwisho. Okito alikuwa mzee wa miaka 50, aliomba tu mkewe na watoto wake walioko Léopoldville watunzwe. Miili yao iliyeyushwa kwa asidi ileile, na kwao halikurudi hata jino. Kama bado mnafanya dua ya mjomba kila mwaka, naomba siku hiyo muwataje na hao.